Namna ya kutambua rada za manowari za Vita Vikuu vya Pili kwenye picha za zamani

Mtu akipewa picha ya manowari ya mwaka 1943, macho yake huenda moja kwa moja kwenye mizinga. Si ajabu, maana meli nzima ilijengwa kwa ajili ya mizinga hiyo. Lakini mizinga haina habari mpya. Valiant ya Uingereza ilishushwa majini 1914 ikiwa na mizinga minane ya inchi 15, na 1945 ilikuwa bado na ile ile minane. Kilichobadilika mara kwa mara ni vyuma vya juu: fremu kwenye vilele vya milingoti, madishi, mabati yaliyopinda juu ya vibanda vya kulengea shabaha. Hivyo ndivyo vinavyokuambia picha ilipigwa lini, na pia meli hiyo ingeona nini usiku au ndani ya ukungu.

Ninaposema manowari hapa, nakusudia zile kubwa kuliko zote, zenye deraya nene na mizinga mizito. Meli ndogo zilikuwa na rada pia, na nyingine zilizipata mapema zaidi, ila nazigusa tu pale zinapotufaa.

Utaratibu ninaoufuata una kanuni moja: jina la rada huja mwisho. Anza na mahali ilipofungwa, kisha kinachoigeuza, kisha ukubwa, kisha umbo, kisha tarehe. Wengi huanza na jina, halafu hutumia saa nzima kuilazimisha picha ikubaliane nao.

Hatua ya 1: Pata picha inayosomeka, na ujue imepitia mikono ya nani

Picha ndogo ya kutazamia kwenye simu haitakusaidia. Tafuta faili ambalo ukilikuza, kamba za bendera bado zinaonekana moja moja. Kamba zikipotea, ujue na antena imepotea. National Archives na Naval History and Heritage Command za Marekani, Imperial War Museums ya London na Bundesarchiv ya Ujerumani zote zina picha nyingi za meli za vita hivyo, na nyingi zimewekwa mtandaoni.

Hazina kubwa kuliko zote ni picha za karakana za jeshi la majini la Marekani, kama Mare Island kule California na Puget Sound kwenye jimbo la Washington. Meli ilipomaliza matengenezo ilipigwa picha kutoka mbele, nyuma na ubavuni, na kwenye nyingi ya picha hizo kila kitu kilichoongezwa au kubadilishwa kilizungushiwa duara jeupe. Mara nyingi tarehe nayo imeandikwa hapo hapo. Anayejifunza aanze na hizi, kwa sababu jibu limewekwa alama na watu waliolijua.

Sasa tahadhari. Wakati wa vita rada ilikuwa siri, na wakaguzi wa picha walifuta antena kabla ya kuruhusu picha iende magazetini. Waliikwangua kwenye negativu au waliipaka rangi ya anga. Dalili zake ni hizi: kilele cha mlingoti kinakatika ghafla, anga kando ya mnara lina doa lililo laini kuliko anga lingine, au ukingo wa kibanda cha kulengea umenyooka mno wakati vyuma vya jirani vina makorokoro. Ukiona hivyo, tafuta nakala nyingine ya picha hiyo hiyo. Mara nyingi nakala isiyofutwa ilitolewa baadaye, na ukiziweka mbili sambamba utaona hasa walichotaka kukificha.

Lipo na tatizo la siku hizi, programu zinazonoa picha kwa akili bandia. Programu ya namna hiyo haijui antena, inabuni. Ikikuta ukungu wa kijivu juu ya mlingoti inaweza kuchora wavu mzuri kabisa ambao haukuwahi kuwepo. Kwa kazi hii mimi sizigusi. Kuongeza mwanga na kukoleza weusi kunatosha.

Hatua ya 2: Tazama mahali

Kwenye manowari, kazi ya rada ndiyo iliyoamua ikae wapi. Rada ya kutafuta ndege ilihitaji kuwa juu kabisa, kwenye kilele cha mlingoti. Rada ya kutafuta meli juu ya maji nayo ilitaka urefu, lakini antena yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo utaikuta kwenye jukwaa la mlingoti, chini kidogo ya ile ya ndege, au kwenye kilele chembamba peke yake. Rada ya mizinga ilifungwa kwenye kibanda cha kulengea, kile chumba kidogo kinachozunguka juu ya mnara wa mbele na kingine kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli, ambamo maafisa walikuwa na darubini ndefu ya kupimia umbali.

Vibanda vyenyewe ni vya aina mbili. Vilivyo katikati ya upana wa meli, juu kabisa, kwa kawaida ni vya mizinga mikubwa. Vidogo vilivyo ubavuni, kulia na kushoto, kwa kawaida ni vya mizinga ya kutungulia ndege. Bado hujaangalia umbo la antena hata moja, na tayari umeshapunguza majibu hadi mawili au matatu.

Mahali hapaelezi kila kilichotendwa na rada, lakini. Usiku wa tarehe 28 Machi 1941, karibu na rasi ya Matapan kusini mwa Ugiriki, rada ya ndege ya Valiant ndiyo iliyosaidia kuikuta meli ya Italia Pola iliyokuwa imesimama gizani bila nguvu za injini. Mabaharia walitumia walichokuwa nacho.

Hatua ya 3: Uliza ni nini kinachoigeuza

Swali hili watu wengi hulisahau, na ndilo linalotenganisha mataifa. Antena ya kutafuta huzunguka peke yake, kwa mota yake, juu ya kitako chake. Antena ya kulenga haijizungushi. Imefungwa kwenye kibanda, na kibanda kikigeuka nayo hugeuka. Ukiwa na picha mbili za meli moja za siku moja, linganisha. Antena iliyotazama omo, yaani mbele ya meli, kwenye picha zote ilhali mnara wa mizinga umegeuka ubavuni si lazima iwe ya kulenga. Ile inayofuata darubini ya kibanda kila mara ni ya kulenga.

Wajerumani waliunganisha vyote viwili: antena zao zilifungwa mbele ya nyumba ya darubini ya kupimia umbali, na nyumba hiyo ndiyo iliyozunguka. Kwa hiyo ukiona wavu wa mstatili umebandikwa usoni mwa chumba chenye mikono mirefu ya darubini kulia na kushoto, fikiria Ujerumani kabla ya yeyote mwingine.

Hatua ya 4: Pima

Antena za wakati huo zilijengwa kwa vijiti vya dipoli, na dipoli ya kawaida ina urefu wa takriban nusu ya wimbi. Hesabu ni rahisi. Gawa 300 kwa masafa katika megahazi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Rada ya megahazi 200 ina wimbi la mita 1.5, na vijiti vyake vina kama sentimita 75. Rada ya wimbi la mita 7 inahitaji vijiti vya mita 3.5, warefu kuliko watu wawili wakipandana mabegani. Ya sentimita 50 ina vijiti vya sentimita 25. Ya sentimita 10 ina vijiti vidogo kiasi kwamba huvioni kabisa pichani. Unachoona ni dishi, pembe au bati linalokusanya mawimbi.

Sasa unahitaji rula ndani ya picha. Chagua kitu chenye urefu unaojulikana kilicho karibu na antena na kimeelekea upande ule ule. Darubini kubwa za Bismarck ya Ujerumani zilikuwa na urefu wa mita 10.5, na zile za Yamato ya Japani mita 15. Pima darubini kwa vidoti vya skrini, pima antena, fanya mlinganyo. Usitumie urefu wa meli nzima kama rula, kwa sababu meli ikiwa imeelekea mbele kidogo urefu wake hufupika pichani na hesabu yote huharibika. Mtu aliyesimama karibu ni rula nzuri pia, ukijiridhisha kwamba hayuko mbele sana au nyuma sana ya antena.

Hatua ya 5: Sasa linganisha umbo, taifa kwa taifa

Uingereza

Waingereza ndio wenye aina nyingi na wenye kuchanganya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Rada zao zilipewa namba tu.

Ya kwanza ni Aina 79, ya ndege, yenye wimbi la mita 7 na ushei. Iliingia kwenye meli Sheffield mwaka 1938, na baadaye mwaka huo huo kwenye Rodney, ambayo ndiyo ikawa manowari kubwa ya kwanza ya Uingereza kuwa na rada. Warithi wake ni Aina 279, iliyofanana nayo sana, na Aina 281 yenye wimbi la mita 3.5 hivi, iliyofungwa kwenye Prince of Wales mwanzoni mwa 1941. Zote hizi zina alama moja isiyokosewa: antena mbili, moja kwenye kila mlingoti. Moja ilirusha, nyingine ilipokea. Ni fremu wazi za vijiti virefu vilivyolala, bila wavu nyuma yake, na kwa mbali huonekana kama mlingoti umemea matawi. Ukiona tawi kwenye mlingoti wa mbele tu, usikate tamaa; kuza wa nyuma, huenda lipo jingine. Baadaye Waingereza walifaulu kurusha na kupokea kwa antena moja, na matoleo hayo yaliongezewa herufi B, kama 281B. Mlingoti wa pili ukabaki huru kwa kazi nyingine. Hiyo pekee inakuambia uko mwishoni mwa vita.

Kwenye kibanda kikuu tafuta Aina 284, ya wimbi la sentimita 50. Ni mabati mawili marefu yaliyopinda, yamepandana, kila moja lina urefu wa zaidi ya mita 6, na mabaharia waliyaita mahori ya nguruwe. Huwezi kuyakosa: ni marefu kuliko kibanda kinachoyabeba. Kwenye vibanda vya kutungulia ndege kuna Aina 285, yenye antena tano au sita za Yagi zilizopangwa pamoja kama mikuki. Yagi ni jamaa ya zile antena za televisheni za juu ya paa zilizokuwa kila mtaa kabla ya king'amuzi, kijiti kimoja kirefu chenye vijiti vifupi vilivyokikata. Zikiwa mbili tu, juu ya kibanda kidogo cha bunduki za karibu, hiyo ni Aina 282.

Kisha ikaja mapinduzi ya sentimita 10. Orchis, korveti, yaani meli ndogo ya kusindikiza, ilifungwa Aina 271 mwezi Machi 1941, na meli kubwa zikapata Aina 273. Umbo lake ni taa ya mnara wa pwani: chumba cha mviringo chenye kuta zinazopitisha mawimbi, na ndani yake antena inazunguka bila kuguswa na upepo. Ukiona taa hiyo juu ya jukwaa la mlingoti wa manowari ya Kiingereza, picha haiwezi kuwa ya 1940. Tarehe 26 Desemba 1943, kaskazini ya Norwe, taa kama hiyo kwenye Duke of York iliiona Scharnhorst ya Ujerumani kwa umbali wa zaidi ya kilomita 41, gizani na kwenye dhoruba. Scharnhorst haikujua, kwa sababu asubuhi ile kombora la meli ya Kiingereza Norfolk lilikuwa limeharibu rada yake ya mbele.

Kuanzia 1944 taa inatoweka na Aina 277 inachukua nafasi: dishi lililokatwa kingo, liko wazi, linaweza kuinuka na kushuka. Kwenye kibanda kikuu yale mahori marefu nayo yanaondolewa, na Aina 274 ya sentimita 10 inakaa hapo, fupi zaidi na iliyofungwa kwa bati juu na chini. Mahori au siyo mahori ndiyo njia ya haraka ya kutenganisha picha za King George V na dada zake za 1942 na zile za 1945.

Marekani

Hapa antena ya ndege ni godoro. Jaribio la XAF lilifungwa kwenye manowari New York mwishoni mwa 1938, likafanya kazi kwenye mazoezi ya mwanzo wa 1939, na kutoka humo ikatengenezwa CXAM mwaka 1940. Ni fremu ya mraba ya zaidi ya mita 5 kila upande, imejaa vijiti vya megahazi 200, na mabaharia wenyewe waliifananisha na springi za kitanda. Manowari California iliipata mapema, na toleo la pili likaenda kwenye Texas, Pennsylvania, West Virginia, North Carolina na Washington. Mrithi wake, SK, bado ni godoro la mraba, lakini juu yake kuna mstari wa ziada wa antena ya kutambua rafiki na adui. Ukiona mstatili mpana usio na kimo, hiyo ni ya jamii ya SC. Na ukiona dishi kubwa la duara la mita 5 hivi kwenye kilele cha mlingoti wa mbele, ni SK-2, na uko kwenye mwaka wa mwisho na nusu wa vita. Missouri ilikamilika 1944 ikiwa nalo, nalo laonekana kwenye picha za hati ya Japani kusalimu amri, ghuba ya Tokyo, 2 Septemba 1945.

SG, ya kutafuta meli, ni ndogo: kipande cha dishi kilicholala, upana wake kama mita moja na robo. Watu huikosa kwa sababu wanatafuta kitu kikubwa. Washington ilikuwa na moja tu mwezi Novemba 1942, na ilifungwa mbele ya mnara, kwa hiyo haikuona tezini. Ndiyo sababu, usiku wa kuamkia tarehe 15 karibu na Guadalcanal, ilisita kabla ya kufyatua: South Dakota, manowari mwenzake, ilikuwa imeingia kwenye upande ule usioonekana, na maafisa walitaka kwanza kuhakikisha kwamba meli waliyoielekezea mizinga si mwenzao. Ilikuwa Kirishima ya Japani. Unapochora ramani ya antena za meli, weka alama pia ya upande ambao mnara unaziziba.

Kwa mizinga mikubwa kuna mambo mawili ya kukariri, na yanalipa. Mark 3 ni bati lililopinda, ama la mraba au pana na fupi. Mark 8 ni sanduku pana lililojaa vijiti vya plastiki vinavyotokeza mbele, 42 kwa jumla, katika safu tatu. Ukiwa na picha nzuri vijiti vinahesabika. Tofauti hii haikuwa ya sura tu. Kwenye mlango-bahari wa Surigao, Ufilipino, alfajiri ya tarehe 25 Oktoba 1944, manowari sita za Marekani zilijipanga mstari mmoja. West Virginia, Tennessee na California zilikuwa na Mark 8, na ndizo zilizofyatua mapema na kwa wingi. West Virginia pekee ilirusha makombora 93. Zenye Mark 3 zilihangaika kumpata adui. Maryland ilipata umbali kwa kupima maji yaliyorushwa juu na makombora ya West Virginia, Mississippi ilifyatua mara moja tu, na Pennsylvania haikufyatua hata kombora moja.

Vibanda vya kutungulia ndege vina Mark 4, mabati mawili yaliyopinda na kupandana. Mark 12 inafanana nayo sana, ila pembeni yake kumening'inizwa kipande chembamba kilichopinda, Mark 22, ambacho wenyewe walikiita ganda la chungwa. Kilipima kimo cha ndege zinazoruka karibu na maji.

Ujerumani

Anza na Admiral Graf Spee. Wanaoshika sheria za majina watasema haikuwa manowari kamili, na wana hoja, lakini ndiyo inayofundisha vizuri zaidi. Wavu wa rada yake ulikuwa usoni mwa nyumba ya darubini juu ya mnara, na kwenye picha nyingi umefunikwa turubai. Meli ilipozamishwa na nahodha wake nje ya Montevideo tarehe 17 Desemba 1939 maji hayakuifunika yote, na wapiga picha walipata mnara ukiwa umeungua na fremu ya antena ikiwa wazi. Waingereza walimtuma mtaalamu wao, L. H. Bainbridge-Bell, aupande mnara huo. Alirudi na taarifa kwamba ni rada ya kulengea. Turubai lililofunika kitu cha mstatili ni ushahidi tosha kwamba hapo kuna kitu.

Bismarck ilikuwa na rada tatu za FuMO 23, kila moja kwenye nyumba yake ya darubini: mbele, juu ya mnara, na nyuma. Kila wavu ulikuwa wa mita 2 kwa 4. Jioni ya 23 Mei 1941 mshtuko wa mizinga yake yenyewe ulizima rada ya mbele, ndipo Prinz Eugen, meli iliyofuatana nayo, ikaamriwa itangulie; picha za kesho yake zinazoonyesha mpangilio huo zinaeleweka ukishajua hilo. Pichani, hata hivyo, antena iliyozimika na inayofanya kazi ni sawasawa.

Kwa Tirpitz, ukubwa wa wavu ndio saa yako. Wavu mdogo ni wa mwanzo, mkubwa zaidi ni FuMO 26 ya baadaye, na dishi la mita 3 la rada ya Würzburg upande wa nyuma ni la 1944. Tazama pia vijiti vidogo vidogo na vikapu vya waya kuzunguka mnara: hivyo vilisikiliza rada za adui tu, havikurusha chochote.

Japani

Rada mbili zilijaribiwa mwezi Mei 1942, namba 21 kwenye Ise na namba 22 kwenye Hyuga. Ya 21 ni godoro la wimbi la mita 1.5. Kwenye Yamato na Musashi iligawanywa mara mbili, kipande kimoja juu ya kila mkono wa ile darubini ya mita 15, hivyo mnara unaonekana umeota masikio. Ya 22 ni ya sentimita 10, pembe mbili za tarumbeta, moja juu ya nyingine, kwenye ubavu wa mnara. Ya 13 ni ngazi nyembamba iliyosimama kwenye mlingoti wa nyuma. Yamato ilibeba mbili. Ukiona ngazi hizo, na vijiti vyake vinavyotokeza ubavuni, uko 1944 au 1945.

Picha maarufu ya Yamato ikikata maji kwenye majaribio ya Oktoba 1941 haina rada yoyote, na hakuna mkaguzi aliyefuta kitu. Haikuwa bado imefungwa.

Italia na wengineo

Waitaliano walikuwa na Gufo, maana yake bundi, pembe mbili juu ya mnara, na Littorio ndiyo manowari yao ya kwanza kuipata. Ni chache, kwa hiyo ukiikuta picha nzuri ithamini. Richelieu ya Ufaransa ni mtego: ilitengenezwa New York 1943 ikapewa rada za Marekani, kisha ikaongezewa za Kiingereza ilipokuwa ikifanya kazi na Waingereza Bahari ya Hindi. Ukikuta mahori ya Aina 284 kwenye meli yenye minara miwili ya mizinga minne minne, yote kuelekea omo, hujakosea.

Hatua ya 6: Ondoa visivyo rada

Kurunzi kubwa za usiku ni za duara na hudanganya, lakini ziko chini zaidi, karibu na dohani, kwa jozi, na kioo chake hung'aa. Kitanzi cha chuma cha duara au umbo la almasi ni cha kutafuta mwelekeo wa redio. Kizimba cha waya kwenye kilele cha mlingoti wa nyuma kinafanya kazi hiyo hiyo kwa mawimbi mafupi. Maboya ya kuokolea yaliyoegeshwa ukutani mwa mnara huonekana kama dishi ukitazama ubavuni. Kipimo cha haraka: kama kitu hakina kitako cha kuzungukia, na hakiko juu ya kibanda kinachozunguka, kitilie shaka.

Hatua ya 7: Funga tarehe kwa mbinu ya makasia mawili

Kila antena iliyopo inakupa tarehe ambayo picha haiwezi kuitangulia. Kila antena ya zamani ambayo bado haijaondolewa inakupa tarehe ambayo picha haiwezi kuipita. Kati ya hizo mbili ndipo picha ilipo. Angalia pia rangi za kuficha meli na idadi ya bunduki ndogo za ndege, lakini ziwe mashahidi, zisiwe hakimu. Rangi ilipakwa upya mara nyingi.

Zoezi zuri kwa wasomaji wa pwani yetu ni picha za Kilindini za 1942. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi Aprili mwaka ule, kikosi cha mashariki cha Waingereza chini ya Admirali James Somerville kilihamia Mombasa, kikiwa na Warspite na manowari nne za zamani, Resolution, Ramillies, Revenge na Royal Sovereign. Zile nne zinafanana kama ndugu wa tumbo moja kwa mizinga na dohani. Anza na vilele vyote viwili vya milingoti kwa ajili ya zile fremu za matawi, shuka kwenye majukwaa kutafuta taa, kisha kibanda kikuu kwa ajili ya mahori. Andika kwa kila meli kilichopo na kisichopo. Ramillies ilipigwa na nyambizi ndogo ya Kijapani huko Diego Suarez, Madagaska, tarehe 30 Mei 1942, kwa hiyo kwa hiyo moja una siku ya kugawia picha zako kabla na baada.

Usijifunzie kwa meli za makumbusho bila kuuliza. North Carolina, kule Wilmington, bado ina dishi lake la SK-2. Iowa na dada zake, Missouri ikiwemo, zilirudishwa kazini miaka ya 1980 na nyingi ya antena unazoziona leo ni za wakati huo.

Hatua ya 8: Andika ulichokiona, si ulichokisoma

Maelezo ya picha yawe na sehemu mbili. Kwanza kilichoonekana, kwa maneno matupu: "Kilele cha mlingoti wa mbele, fremu wazi, vijiti vimelala, kilele cha mlingoti wa nyuma, fremu ya namna hiyo hiyo, jukwaa la mlingoti wa mbele, chumba cha mviringo, kibanda kikuu, mabati mawili marefu yaliyopinda." Kisha hukumu yako, kwenye mstari wake: "Aina 281, 273 na 284. Picha si ya kabla ya 1941, wala si ya baada ya mahori kuondolewa." Mtu mwingine akija na nakala safi zaidi, atasahihisha mstari wa pili bila kulazimika kuufuta wa kwanza.